Konyeza na Swali la Faida: Mhadhara Uliotolewa Mbeya

Waheshimiwa wahadhiri, ndugu wanafunzi,

Maumbile ya konyeza, wale viumbe wa majini wenye mwili laini kama jeli, mmeyasoma, kwa hiyo sitayarudia. Nimekuja kulalamikia tena, kama nilivyokwisha kufanya katika kumbi nyingine, desturi ya kumtaka mwanafunzi aeleze utafiti wake utazaa bidhaa gani hata kabla hajajua anachokitafuta.

Mwanakemia Mjapani Osamu Shimomura angejibu nini? Katika majira ya joto ya mwaka 1961, yeye na mwanasayansi mwenzake Frank Johnson walikuwa Friday Harbor, Marekani, wakikata kingo za konyeza aina ya Aequorea ili wajue tu kinachowafanya wang'ae. Walikwama, wakabishana. Hatimaye Shimomura aliizima nuru ile kwa asidi, akachuja, kisha akamwaga mabaki katika sinki lililokuwa likipokea maji ya bahari kutoka kwenye matangi ya viumbe, na papo hapo sinki likawaka buluu. Kalsiamu iliyomo katika maji ya bahari ndiyo iliyoiamsha. Konyeza wapatao 10,000 waliwapa miligramu 5 hivi za protini inayotoa nuru hiyo, iitwayo ekwarini, pamoja na kiasi kidogo mno cha protini nyingine ya kijani, ambayo hakuna aliyeiwinda wala aliyejua itafaa nini.

Jeni ya protini hiyo ya kijani ilinakiliwa na Douglas Prasher na wenzake mwaka 1992. Mwaka 1994 Martin Chalfie akaonyesha kwamba bakteria na minyoo wakipewa jeni hiyo nao hung'aa, na tangu hapo tukaweza kufuatilia protini ndani ya seli iliyo hai. Shimomura, Chalfie na Roger Tsien walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2008. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi tangu 1961.

Najua kuna atakayeniambia kwamba Mbeya ina viazi na maparachichi, haina bahari. Ndugu yangu, jeni hailetwi kwa jahazi! Mtafiti aliye Uyole, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo hapa Mbeya, anaweza kuitia katika bakteria wa mnyauko, akawaona wakipanda ndani ya shina la kiazi. Na ukimtaka konyeza mwenyewe, nenda Ziwa Tanganyika: yumo, wa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, na wanasayansi wamemfahamu tangu karne ya 19.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kolajeni ya konyeza, yaani protini inayoshikilia tishu za mwili, inachunguzwa kwa ajili ya kutibu vidonda na kukuzia seli. Hilo naliacha hapo. Kuhusu sumu yao nilikuwa na kurasa kadhaa, na anayezitaka azichukue hapa mezani.