Kabla ya Kukanda Shingo, Pima Kitanda

Mafundi wa urembo, mmeshanisikia nikilisema hili na leo nalirudia: shingo yako haiumi kwa sababu ulilalia mto vibaya. Inauma kwa sababu ya kimo cha kitanda unachomlazia mteja. Kabla hujameza diklofenaki nyingine ya kutuliza maumivu, chukua futi kamba.

Kichwa cha mtu mzima kina kilo kama 5. Kikikaa wima, pingili za shingo ndizo zinazokibeba. Ukikiinamisha, mzigo unahamia kwenye misuli ya kisogo. Mwaka 2014 Kenneth Hansraj, daktari mpasuaji wa mgongo wa New York, alipiga hesabu: ukiinama nyuzi 30, shingo inabeba kama kilo 18, nyuzi 60, kilo 27. Ni hesabu tu, hakuna aliyepimwa kwenye mizani, lakini kilo 27 ni zaidi ya nusu mfuko wa saruji. Fundi wa kubandika kope anaubeba saa mbili bila kutikisika, maana akitikisika gundi inaingia jichoni. Msuli uliokazwa muda wote huo haupati damu ya kutosha. Ndio ule moto kati ya shingo na bega.

Sasa kitanda. Kaa kwenye stuli, nyayo zote chini, mabega yameshuka, mkono umekunjwa. Pima kutoka sakafuni hadi kiwikoni. Kazi ya kibano, iwe kope au nyusi, inataka jicho la mteja liwe sentimita 5 hadi 10 juu ya kiwiko. Kukanda uso kunataka kinyume chake: uso uwe chini kidogo ya kiwiko, kwa sababu hapo unasukuma. Ukipandisha kitanda kwa ajili ya kope, kisha ukakanda uso pale pale, mabega yatakufika masikioni na maumivu yatahama tu. Kwa hiyo ukianza kukanda, pandisha stuli au simama.

Najua: kitanda cha haidroliki, kile cha kupandisha na kushusha, bei yake haishikiki. Nani kakwambia ununue? Mwite seremala akukatie vipande vinne vya mbao ngumu, kila kimoja kichimbwe tundu la kina cha sentimita 3, mguu wa kitanda uzame humo. Usiweke tofali tupu. Mteja akijigeuza, kitanda kinateleza na kope zako. Halafu chungulia chini: kitanda chenye chuma kinachokingama upande wa kichwani kinazuia magoti, nawe unakaa mbali na kujinyoosha. Hicho hata cha bure usichukue. Na mteja kichwa chake kifike ukingoni kabisa, asilale katikati kama yuko kwao.

Mtaniambia, “Mteja hapendi kugeuzwageuzwa.” Mteja amelala, wewe ndiye umepinda! Mwambie, dada, geukia kulia kidogo.

Taa yenye lenzi nayo mnaitumia kinyumenyume. Lenzi ya dayopta 5 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi) inaona sawasawa ikiwa sentimita kama 20 kutoka kwenye ngozi. Ya dayopta 3, kama 33. Ishushe taa ifike hapo, kisha wewe kaa wima. Na kama umevuka miaka 40 na bado unainamia chunusi, nenda kapime macho.

Wasusi msininunie. Mteja kwenye kigoda, wewe kwenye kiti, saa sita: ni kuinama kule kule. Mpandishe kwenye kiti cha kuzunguka, wewe stuli ndefu, uzungushe kiti badala ya kiuno.

Haraka haraka sasa. Kila dakika 20 au 30, vuta kidevu nyuma huku macho yakitazama mbele, kama uliyeletewa samaki aliyeoza. Sekunde 5, mara 10. Ile ya kinyozi kukukamata kidevu na kukuzungusha shingo mpaka ilie, acheni! Kuna mishipa ya damu inayopita ndani ya pingili kwenda ubongoni. Ikichanika unaweza kupata kiharusi. Ukiona ganzi vidoleni, au kibano kinakuponyoka, nenda hospitali. Miguu ikiwa mizito au mkojo haushikiki, nenda siku hiyo hiyo.

Naoneshwa saa. Ya draya na mabega mtaniuliza kwenye maswali. Wewe dada wa kope hapo mbele, njoo ukae kwenye hii stuli. Nani ana futi kamba?