Kanzu Iliyocheleweshwa na Bwana Msa

Assalamu alaykum wazee wangu, dada zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kama mnaotaka kukimbia. Mimi si msomi. Ni fundi cherahani, nina kibanda changu Ng'ambo, na kitabu nnasoma pale mteja anapochelewa kuja kuchukua nguo yake. Alhamdulillahi, wateja wangu wanachelewa sana. (Kicheko.)

Nilianza na Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58, ikachapishwa 1960. Wajuzi husema Bwana Msa ni Sherlock Holmes wa Unguja, kwa kile kiko chake na ule ukimya wake. Sawa. Lakini Holmes sijapata kumcheka hata siku moja, na Najum, yule sahibu wa Bwana Msa, ananichekesha mpaka sindano inanichoma.

Kisha nikapata Kisima cha Giningi, kisa kingine cha Bwana Msa, kitabu kikuukuu, Darajani. Utotoni, jina la Giningi, ule mji wa wachawi wa hadithini, peke yake lilitosha kutulaza mapema. Nimefika ukingoni mwa fumbo, nageuza ukurasa, hakuna kitu! Kurasa za mwisho zimechanwa, nadhani zilifungiwa karanga. Nilikaa nalo fumbo hilo mwaka mzima, na mwovu nikajichagulia mwenyewe. Nilipoazima nakala nzima nikakuta nimemhukumu mtu bure. Sisemi nani, wengine hamjasoma.

Sasa angalieni. Mwaka ule kile kitabu kilichokatika mkia nilikirudia mara nne. Watu husema riwaya ya upelelezi ukishamjua mwovu unaitupa kama kifuu. Mimi sikuwa nimemjua, wala sikuwa namtafuta tena. Nilikuwa narudi kusikiliza mazungumzo ya wale wawili, kama mtu anavyorudi barazani.

Vile vitabu vizito nilivikimbia, maana skuli tulivisoma kwa kiboko. Kuli ya Shafi Adam Shafi, yenye mgomo wa bandarini wa 1948, nimeifungua ukubwani, nikaimaliza kwa siku mbili. Kasri ya Mwinyi Fuad, ya mwandishi huyo huyo, ilinisumbua zaidi. Fuad mwenyewe, yule mwinyi mwenye mashamba, mtanisamehe, ananichosha: mbaya asubuhi, mbaya jioni. Ila Kijakazi! Bibi wa watu amezeeka kwa kumtumikia, na bado anamtetea bwana wake. Nilikasirika nikakifunga kitabu, nikakitia chini ya vitambaa. Siku ya tatu nikakitoa. Nilikuwa nimemkumbuka bibi yangu mzaa mama, alivyokuwa akishusha sauti akilitaja jina la tajiri aliyemfulia nguo, na tajiri mwenyewe keshakufa zamani.

Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Unguja? Ndiyo, tuzo ya Nobel ya Fasihi ya 2021, tumefurahi sote. Riwaya yake ya Peponi nnayo, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Kiswahili chake kitamu. Nimefika kati. Msiniulize zaidi.

Namalizia na kisa cha kanzu. Mteja mmoja kaja mkesha wa Idi, kanikuta na Bwana Msa mapajani, na mkono wa kulia wa kanzu yake nimeushonea kushoto. Kafoka, haki yake. Nikamwomba akae nifumue. Kukaa kwake, akakiokota kitabu. Nimemaliza kufumua, nimeshona, nimepiga pasi, yeye hajanyanyua kichwa. Ilipoadhiniwa akaondoka nacho kwapani, kanzu kaisahau.

Kama yumo humu ukumbini, kanzu yake bado ninayo.