Kutambua Somo na Kulikumbuka: Niliyojifunza Muhula Huu

Walimu wangu wapendwa, na wanafunzi wenzangu,

Nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa niseme niliyojifunza katika muhula tuliomaliza, na nimeamua kubaki kwenye jambo moja tu, kwa sababu ndilo lililobadili namna ninavyokaa na kitabu. Nalo ni hili: kulitambua somo na kulikumbuka ni vitu viwili, na sisi wanafunzi tunavichanganya karibu kila siku.

Fikirini usiku wa kudurusu. Unafungua daftari, unasoma ukurasa ulioandika wiki tatu nyuma, na kila sentensi inaonekana ya kawaida kabisa. Moyo unasema, "Hili nalijua," unapindua ukurasa. Siku ya mtihani ile sentensi haipo. Lipo swali, na chini yake nafasi tupu. Hapo hali yako ni ya mtu aliyekutana na mwenzake wa zamani njiani: sura anaijua vizuri, jina halimjii. Sura aliipata bila jasho, maana mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake. Jina lilipaswa kutoka ndani.

Katika kikundi chetu cha kusoma tuliwekeana sharti. Anayeeleza mada anafunga kitabu. Wanaosikiliza wanafungua vyao, wanafuatilia, lakini hawamkatizi hadi amalize au aombe msaada. Sharti dogo, lakini lilifichua mengi. Kwanza, tulikwama zaidi kwenye yale tuliyoyaona mepesi. Fasili ya dhana ambayo kila mtu alikuwa ameipigia mstari mwekundu ndiyo iliyokosa mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyewahi kujilazimisha kuisema. Pili, mtu aliweza kutaja kanuni neno kwa neno, kisha akiulizwa, "Na ni wakati gani kanuni hii haifai?" ananyamaza. Swali hilo tukalifanya la lazima kwa kila mada. Naliona hadi leo kuwa swali bora kuliko yote tuliyoulizana.

Ule ukimya wa mtu anayetafuta jibu kichwani ulitutia aibu mwanzoni. Tulikuwa tunaharakisha kumwokoa. Baadaye tukajifunza kusubiri, na nitawaeleza kwa nini nadhani kusubiri kule ndiko kulikotufundisha.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa saikolojia nchini Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walitoa matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa wanafunzi wa chuo. Katika jaribio moja, kundi la kwanza lilipewa vipindi vinne vya kusoma makala fupi. Kundi jingine lilipewa kipindi kimoja tu cha kusoma, na vipindi vitatu vilivyobaki waliandika kila walichokikumbuka, makala ikiwa haipo, na bila kuambiwa wamekosea wapi. Waliosoma tu waliipitia makala mara 14 hivi kwa wastani. Wenzao waliipitia mara 3 hivi.

Dakika tano baadaye, waliosoma tu waliongoza: walikumbuka asilimia 83, wenzao asilimia 71. Wiki moja baadaye mambo yaligeuka. Waliosoma tu walibaki na asilimia 40, na waliojijaribu walikuwa na asilimia 61. Lakini kilichonigusa zaidi ya takwimu hizo ni kwamba wanafunzi waliulizwa, mwishoni mwa kusoma, wanadhani watakumbuka kiasi gani baada ya wiki. Waliokuwa na imani kubwa zaidi ni wale waliosoma tu, yaani wale waliokuja kusahau zaidi. Hisia zao ziliwadanganya, na ni hisia zilezile zinazotuambia tufunge daftari tukalale kwa amani.

Basi tuwe makini na kile kinachoitwa kuelewa wakati wa kusoma. Wepesi tunaousikia unatoka kwenye karatasi iliyo mbele yetu. Ugumu tunaousikia kitabu kikiwa kimefungwa ndiyo kazi yenyewe ya kujifunza, na ndiyo maana kumwokoa mwenzetu upesi kulikuwa kumpokonya kazi hiyo.

Jambo la muda nalo linaingia hapa. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1885, alijifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima ni muda gani anaouokoa anapozikariri upya. Baada ya saa moja tu, muda aliouokoa ulikuwa chini ya nusu ya ule aliotumia kukariri mara ya kwanza. Baada ya siku moja ulikuwa karibu theluthi. Baada ya mwezi, kiasi cha sehemu moja ya tano. Silabi tupu hazifanani na somo lenye maana, na somo tulilolielewa hudumu zaidi. Tusizichukue namba hizo kama zilivyo. Lakini umbo la kusahau kwake linatuhusu sote: hasara kubwa inatokea mapema, halafu mporomoko unapungua kasi. Anayesubiri wiki ya mwisho ya muhula ndipo afungue daftari la wiki ya kwanza anakuta sehemu kubwa imekwishapotea siku nyingi. Dakika chache jioni ileile ya kipindi, kwenye karatasi tupu, zinafanya kazi ambayo mkesha mzima wa mwisho hauwezi kuifanya. Na mkesha, tukumbuke, unaiba usingizi ambao ubongo unauhitaji ili kumbukumbu zitulie.

Kwa wanaosoma hisabati na sayansi nina neno la ziada. Vitabu vingi vinapanga mazoezi kwa mafungu: maswali kumi ya aina moja, kisha kumi ya aina nyingine. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor walieleza jaribio la wanafunzi waliojifunza kutafuta ujazo wa maumbo manne yasiyo ya kawaida. Waliofanya mazoezi kwa mafungu walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi, na waliochanganyiwa maswali walipata 60. Katika mtihani wa wiki iliyofuata, wa mafungu walipata asilimia 20, wa mchanganyiko 63. Sababu si ngumu kuiona. Maswali yakiwa ya aina moja, hujiulizi utumie kanuni gani. Umekwishaambiwa na kichwa cha ukurasa. Mtihani hauna kichwa hicho.

Sisemi kusoma tena hakuna faida. Asiyeelewa somo tangu mwanzo hana cha kukumbuka, na kufunga kitabu hakutamsaidia. Huyo anahitaji mwalimu, na hapa wahenga walikwisha kutusemea: asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kuuliza mwanzoni mwa muhula kunahitaji ujasiri mdogo. Kuuliza wiki moja kabla ya mtihani kunahitaji mkubwa, na wengi wetu hatuupati.

Walimu wangu, kwenu nina maombi mawili, nayo nayatoa kwa heshima. La kwanza, mtupe maswali mafupi mwanzoni mwa kipindi, juu ya yale ya kipindi kilichopita na ya wiki nne nyuma, yasiyo na alama. Yakiwa na alama tutayaogopa na tutatafuta njia ya kuyakwepa. Yasipokuwa nazo tutathubutu kujaribu na kukosea mbele yenu. La pili, karatasi za majaribio zirudi mikononi mwetu tukiwa bado tunakumbuka tulichokuwa tunafikiri tulipoandika. Karatasi inayorudi baada ya mwezi tunaitazama alama tu. Inayorudi ndani ya wiki tunaisoma, tunabishana juu yake, na wengine tunawafuata ofisini kuuliza.

Asanteni kwa kunisikiliza. Kama kuna maswali, niko tayari.