Tujaze Katuba kabla ya kukimbilia Kolwezi

Jambo yenu, mama zangu na baba zangu, na ninyi vijana mliosimama mlangoni. Ingieni, huku mbele viti bado vipo.

Nimeombwa nizungumze juu ya namna kampuni ya intaneti ya mkoa inavyoweza kukua. Namaanisha kampuni ndogo za watu wa hapa Lubumbashi, si zile kubwa ambazo kila mmoja wetu ana kadi zake mfukoni. Najua wengi wenu mnafanya kazi katika kampuni hizo, wengine mnauza vifurushi barabarani, wengine mko chuoni. Mimi ni fundi wa faiba, zile nyuzi za kioo zinazobeba intaneti kwa mwanga. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na saba chini ya mabwana mbalimbali, na nitaisema kama fundi anavyoiona akiwa ndani ya shimo.

Kila ninapoitwa ofisini kwa wakuu, ukutani naikuta ramani, na juu ya ramani kuna mshale mwekundu. Unatoka Lubumbashi, unapita Likasi, unapita Fungurume, unafika Kolwezi. Ni kilomita mia tatu hivi. Wakisema kukua, wanaonyesha mshale ule. Ninaelewa kwa nini. Kolwezi kuna migodi, na mgodi mmoja unaweza kulipa kwa mwezi pesa ambayo barabara nzima ya Katuba haitoi. Lakini leo nimekuja kuitetea Katuba. Naitetea Ruashi, Kampemba, na Kenya, komini yetu ya Kenya, si nchi: zote ni sehemu za mji huu. Nasema kampuni ya mkoa ijaze kwanza barabara ambazo waya wake umekwisha kupita, ndipo ifikirie kwenda mbali.

Tupige hesabu pamoja. Tuseme tumechimba kilomita moja katika Katuba, na waya wetu unapita mbele ya lupango 300, yaani viwanja vya kuishi. Walionunua ni 30. Gharama ya mtaro ule, ya mabomba, ya vibali, ya vijana waliochimba, inabebwa na wateja 30 peke yao. Sasa tuwapate 120. Mtaro ni uleule, nguzo ni zilezile. Kilichoongezeka ni vipande vya waya kutoka barabarani hadi dirishani, na vile visanduku vya ndani. Mzigo wa mtaro kwa kila mteja umeshuka hadi robo. Hakuna mshale wowote kwenye ramani utakaokupa faida ya namna hiyo kwa pesa kidogo hivyo.

Na chombo chenyewe kimeumbwa kwa ajili ya msongamano. Mfumo wa faiba ambao kampuni nyingi hapa zinautumia, unaoitwa GPON, unatoa gigabiti 2.5 kwa sekunde kwenye unyuzi mmoja. Unyuzi ule unafika kwenye kigawanyio, nao mwanga unagawanywa kwa nyumba 32, au hata 64, umbali usiozidi kilomita 20 kutoka kituoni. Mlango wa kituoni unaotoa unyuzi ule umeulipia wote, uwe na wateja watatu au thelathini na wawili. Nimefungua vigawanyio vingi katika mji huu. Unakuta matundu 32, matano yana waya, mengine yamejaa vumbi jekundu. Ninapoona hivyo, naona pesa imelala. Halafu wiki hiyohiyo natumwa kupima njia ya Likasi.

Kampuni moja niliyoitumikia, sitaitaja, ilifuata mshale. Ilikopa, ikachimba, ikafika mji wa mbali ikapata wateja wakubwa wawili. Mmoja akabadilisha mkandarasi wake, mkataba ukaisha. Aliyebaki hakuweza kubeba peke yake mkopo wa njia nzima. Wakati huohuo hapa mjini gari la mafundi lilikuwa moja tu, maana mengine yalikuwa huko njiani, na mama mwenye duka la kuchapisha karatasi alikuwa akingoja siku tisa kurudishiwa intaneti. Siku tisa, na wanafunzi wanataka kuchapisha kazi zao! Alirudi kununua mega za simu na hakutuita tena. Nilikuwa mimi niliyepokea simu zake, na mpaka leo najua sauti yake.

Hapo ndipo ningependa tukae kidogo, kwenye watu wanaoondoka. Katika mikutano wanahesabu wateja wapya. Nani anawahesabu waliotoka? Chukua wateja 100 mwezi wa kwanza. Kila mwezi wakitoka watatu katika kila mia, baada ya miezi kumi na miwili wamebaki 69. Akitoka mmoja tu katika mia, wanabaki karibu 89. Tofauti ni watu 20, na hukuwatafuta, hukuwalipia tangazo, hukuwavutia waya mpya. Umewatunza tu. Kwa hiyo mimi ninapoulizwa mwanzo wa kukua ni wapi, najibu: ni gari la pili la mafundi, mashine ya pili ya kuunganisha faiba, na kijana anayepokea simu Jumapili.

Wale ambao hamjaiona kazi hiyo ya kuunganisha faiba, niwaeleze. Unyuzi wa kioo una unene wa mikroni 125, yaani milimita 0.125, na njia ya mwanga iliyo katikati yake ni mikroni 9 hivi. Mvua ya Januari inanyesha, mwenzako ameshika mwavuli juu ya mashine, siyo juu yako. Unamenya ganda, unafuta kwa alkoholi, unakata kwa kisu chake maalumu hadi ncha iwe sawa kama kioo cha dirisha. Unalaza ncha mbili zikitazamana, cheche inapiga, zinayeyuka na kuwa kitu kimoja. Ukifanya vizuri unapoteza chini ya desibeli 0.1, mwanga kidogo sana. Ukifanya kwa haraka na vidole vyenye udongo, mwanga unavuja pale kila siku, na mteja atasema intaneti yenu ni mbaya bila kujua kwamba ubaya wote uko kwenye kiungo kimoja. Kijana anayejua kazi hiyo alipwe vizuri. Akiondoka yeye, anaondoka na barabara tatu za wateja.

Sasa umeme, jambo ambalo kila mtu hapa analijua. Faiba ya namna hii ina uzuri ambao kampuni zetu hazijaueleza kwa watu. Kati ya kituo na nyumba ya mteja hakuna kitu kinachokula umeme. Kigawanyio ni kioo tupu. Umeme unahitajika pande mbili tu, kituoni na kwenye modemu ya ndani. Kituoni tuna betri na jenereta. Lakini umeme ukikatika saa moja jioni, wakati bukari iko mezani na watoto wanataka kusoma, modemu inazima, na mteja anasema "intaneti imekwenda," wakati mwanga wetu unafika mlangoni kwake bila shida yoyote. Anachukua simu, ananunua forfé, yaani kifurushi, ya kampuni kubwa, na pesa yetu inakwenda kwa jirani. Modemu inakula wati kama 10. Betri ndogo ya kuiwasha kwa muda wa saa nne inaingia kwenye kiganja cha mkono. Nasema kila mteja apewe betri hiyo siku ya kwanza, na bei yake igawanywe kwenye malipo ya miezi sita. Gharama hiyo naiweka juu ya matangazo yote ya redio.

Na malipo yenyewe. Tunawaandikia watu bei kwa dola, kwa mwezi, wakati wao wanapata faranga, kwa siku. M-Pesa iliingia nchini kwetu mwaka 2012, Airtel Money ipo, Orange Money ipo, na leo mama wa mboga soko la Kenya anapokea pesa kwa simu bila kufikiri mara mbili. Basi kwa nini hawezi kulipa intaneti ya wiki? Au ya siku mbili, za mtihani wa mtoto?

Tena tunaishi lupango. Wengi wenu mmekulia humo: nyumba ya mwenye kiwanja mbele, vyumba vya wapangaji nyuma, bomba moja la maji, mita moja ya umeme ambayo watu wanagombana juu yake kila mwisho wa mwezi. Mkataba wa kampuni unasema mteja haruhusiwi kumgawia mwingine. Nimetumwa kwenda kuwakatia watu waya kwa sababu hiyo, na nilikata, na nimejuta. Familia nne zilikuwa zinachanga vizuri, baba mwenye nyumba anakusanya, analipa kabla ya tarehe. Tuliwaita wezi. Tulipaswa kuwaita wateja wanne! Tengenezeni forfé ya lupango. Kasi iwe kubwa kidogo, kila chumba kiwe na neno lake la siri, kila mmoja alipe sehemu yake kwa simu yake, na anayekusanya apewe punguzo. Mji wetu umejengwa hivyo, kampuni ifuate mji.

Jambo la mukuba, yaani shaba, nitalisema kwa ufupi, ingawa linaniumiza. Huu ni mji wa shaba, hata mkoa wetu wa zamani wa Katanga uliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997. Mtu akiona bomba limefukiwa anafikiri ndani kuna mukuba wa kuuza. Anakata usiku, anakuta kioo, anatupa pale pale. Mara tatu nimekuta waya wetu umelazwa kando ya mtaro kama nyoka aliyeuawa, na mwenye kisu hakupata hata faranga moja. Pakeni bomba rangi, andikeni kwa Kiswahili kikubwa: HAMNA MUKUBA. Na mwenye lupango anayeulinda mtaro mbele ya mlango wake apewe mega za bure kila mwezi.

Ndugu mmoja ameniuliza kabla hatujaanza: na njia za intaneti za kwenda nje ya nchi? Swali zuri. Reli ilifika hapa mwaka 1910 ikitokea kusini, na sehemu kubwa ya intaneti yetu nayo inapita kusini, Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Bahari iko mbali pande zote. Ukipima kwenye ramani, Dar es Salaam iko karibu nasi kuliko Muanda, pwani yetu ya Atlantiki. Tarehe 6 Agosti 2023 udongo uliporomoka chini ya bahari karibu na mdomo wa mto Kongo, kebo za intaneti za baharini za WACS na SAT-3 zikakatika. Tarehe 14 Machi 2024 zikakatika nne mbele ya Abidjan. Tarehe 12 Mei mwaka uleule, upande wa mashariki, zikakatika EASSy na Seacom. Kwa hiyo kampuni ya mkoa inunue njia mbili, moja ya kila bahari, hata ya pili ikiwa nyembamba. Na data za hapa zibaki hapa. Tuna LUBIX, kituo cha kubadilishana data humu humu mjini. Kampuni isiyojiunga nacho inapeleka barua ya kutoka Bel-Air kwenda Kasapa kwa kupitia ng'ambo.

Bado ile hofu ya Starlink, intaneti ya setilaiti, iliyopata ruhusa ya serikali Mei 2025. Hiyo ndiyo inayonifanya nisisitize Katuba zaidi. Kambi ya mgodi iliyo peke yake porini itanunua sahani, na kebo yako ya kilomita mia tatu itafika imechelewa. Lakini setilaiti inagawa uwezo wake kwa wote walio katika eneo moja. Palipo na watu wengi, kila mmoja anapata kidogo. Palipo na watu wengi ndipo faiba inaposhinda, na ndipo sisi tulipo.

Ramani iko pale mezani, ya kuanzia Kenya hadi Katuba. Mistari ya buluu ni waya uliokwisha kupita. Nimeleta kalamu. Kabla ya kutoka, kila mmoja atie alama kwenye lupango lake na aandike ni familia ngapi zinaishi humo. Mama, anza wewe uliye karibu.