Kufunga Hesabu za Duka Kabla ya Januari

REHEMA: Karibuni, wasikilizaji. Leo kaka Salum na mimi tunazungumzia ufungaji wa hesabu za mwaka kwa mwenye biashara ndogo nchini Tanzania, ambaye mwaka wake wa mapato, kama wa wengi, huishia tarehe 31 Desemba. Kaka Salum, ungeanzia wapi?

SALUM: Ningeanza na kuhesabu mali iliyobaki dukani, dada Rehema, kwa sababu hapo ndipo faida ya kweli inapojulikana. Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi lililoingia Januari likiwa na mali ya shilingi milioni 6, likanunua mzigo wa milioni 30 katika mwaka mzima na kuuza kwa milioni 35. Mwenye duka akitoa manunuzi kwenye mauzo, anaona amepata milioni 5. Lakini akihesabu saruji, nondo na mabati akakuta imebaki mali ya milioni 3 tu, basi mzigo aliouuza ulimgharimu milioni 33, na faida ghafi yake ni milioni 2, kabla hata hajatoa kodi ya pango, umeme na mshahara wa kijana wa dukani.

REHEMA: Tofauti hiyo ni kubwa mno, na anaweza kuwa ameshaitumia kulipia ada za watoto. Mali hiyo ithaminiwe kwa bei gani?

SALUM: Kwa bei ya kununulia, pamoja na nauli ya kuifikisha dukani. Anayeandika bei ya kuuzia anajihesabia faida ambayo bado hajaipata. Saruji iliyoganda kwa unyevu nayo iandikwe kando kama hasara, isihesabiwe pamoja na mifuko mizima.

REHEMA: Mimi ningeongeza daftari la madeni, ambalo naona linaonewa haya kupita kiasi. Desemba ndio mwezi wa kumpigia simu kila mteja anayedaiwa, kwa upole lakini bila kuzungushana, na kutenganisha deni linalolipika na la yule aliyehama bila kuaga. Vilevile, bati aliloezekea jikoni kwake mwenye duka liandikwe kuwa ni matumizi yake binafsi. Lisipoandikwa, litaonekana limeibwa, na lawama itamwangukia kijana wa dukani asiye na kosa.

SALUM: Hilo la kijana linaniuma sana, maana nimeona watu wakipoteza kazi kwa hesabu ambazo tajiri mwenyewe hakuziandika. Kwa upande wa fedha, achukue taarifa ya miamala ya simu na ya benki, azilinganishe na risiti za mashine ya EFD, ile ya kielektroniki ya kutolea risiti za kodi, mwezi kwa mwezi.

REHEMA: Na kodi?

SALUM: Kumbukumbu za hesabu zina faida ya moja kwa moja kwa mfanyabiashara mdogo kabisa. Kwa viwango vilivyopangwa mwaka 2019, mtu binafsi mwenye mauzo ya shilingi milioni 8 kwa mwaka asiye na kumbukumbu kamili alitozwa shilingi 250,000, ilhali mwenye kumbukumbu alitozwa shilingi 90,000 na asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 7, yaani jumla ya 120,000. Viwango hubadilika kwa Sheria ya Fedha ya kila mwaka, hivyo athibitishe kiwango cha mwaka huu kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA.

REHEMA: Awamu ya nne ya malipo ya kodi nayo inaishia tarehe hiyohiyo 31 Desemba.

SALUM: Ndiyo, baada ya zile za mwisho wa Machi, Juni na Septemba. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mali ihesabiwe kwa majaribio mapema Desemba, ili ambaye mauzo yake yamepungua kuliko makadirio yaliyotumika kumpangia kodi aende ofisi ya TRA na vitabu vyake mkononi kuomba makadirio yarekebishwe, wakati bado kuna siku za kazi za kushughulikia ombi lake.

REHEMA: Na vitabu hivyo, pamoja na risiti za manunuzi, avitunze kwa miaka 5 mahali ambapo panya na mvua havifiki.