Kuendesha Pikipiki Kwenye Tope la Masika: Somo Kutoka Njia za Usambara

Karibuni, ndugu watazamaji. Leo tupo Usambara Magharibi, wilayani Lushoto, kwenye njia ya pembeni inayopanda juu ya Lukozi, na sauti mnayoisikia nyuma yangu ni ya mvua iliyoanza tangu alfajiri. Siku kama hii nimeingoja makusudi, kwa kuwa somo la tope lililorekodiwa siku ya jua halimfai mtu. Masika huku huanza Machi na kuendelea hadi Mei, na katika miezi hiyo afisa ugani bado anatakiwa shambani, muuguzi bado anatakiwa kufikisha chanjo kwenye zahanati, na mwendesha bodaboda bado anagongewa mlango usiku ili ampeleke mama mjamzito kituo cha afya. Hao ndio ninaozungumza nao kwanza, ingawa hata wewe unayependa tu kupanda milima kwa pikipiki utapata chako.

Pikipiki tutakayotumia ni Honda XL 125, yenye gurudumu la mbele la inchi 21, la nyuma la inchi 18, breki za ngoma na madigadi ya mbele iliyokaa juu, mbali na tairi. Ukiwa na pikipiki ya kawaida ya bodaboda, usiondoke, kwa sababu maelezo karibu yote yanakuhusu. Suala la madigadi nitalifikia.

Mavazi nayapitia haraka kwa kuwa mnayafahamu: kofia ngumu, koti la mvua linalofungwa shingoni, na suruali ya mvua iliyoshuka nje ya buti, maana ukiichomeka ndani ya buti maji yote ya mapajani yataishia kwenye soksi. Mikononi mimi huvaa glavu nyembamba za mpira ndani ya glavu za kawaida. Vidole vikifa ganzi kwa baridi ya milimani haviwezi kuipima klachi, na bila klachi inayopimwa vizuri somo zima la leo halitekelezeki.

Sasa tuje kwenye matairi, na hapa naomba utulivu wenu. Tairi la tope ni lile ambalo kashata zake, yaani vile vinundu vya mpira vinavyoshika ardhi, ni ndefu na zimeachana, ili udongo upate nafasi ya kuchomoka gurudumu linapozunguka. Tairi ambalo kashata zake zimebanana hujaa udongo wa mfinyanzi baada ya mita chache na kuwa sawa na kipara. Matairi ya kashata nayauza dukani kwangu, nanyi mna haki ya kuyapima maneno yangu kwa kuzingatia hilo, lakini fanyeni jaribio hili kabla ya kununua popote: ingiza kidole chako kati ya kashata mbili za katikati. Kidole kikigoma kuingia, udongo ukiingia hautatoka.

Baada ya hapo punguza upepo. Pikipiki hii ikiwa kwenye lami huwa naijaza paundi 22 mbele na 25 nyuma, na leo naishusha hadi 17 mbele na 18 nyuma ili tairi litandike na kashata nyingi zaidi ziguse ardhi. Wapo wenye pikipiki za mashindano wanaoshuka hadi paundi 12, lakini wao wamefunga kibano maalumu ndani ya rimu kinacholishika tairi lisizunguke. Sisi hatuna kibano hicho, kwa hiyo tusiwaige.

Sogeza kamera hapa, mdogo wangu, karibu zaidi. Mnaiona nati hii ndogo iliyokaa kwenye shina la valvu, ikiwa imekazwa hadi kwenye rimu? Mafundi wengi huikaza hivyo, na kwenye lami haina neno. Lakini ukishapunguza upepo, tairi linaweza kuteleza taratibu juu ya rimu kila unapoongeza mafuta kwa mkono wa kulia, likaivuta tyubu pamoja nalo, na kwa kuwa valvu imebanwa na nati, shina lake linakatika pale linapoungana na mpira. Tyubu iliyokatika valvu haizibiki porini kwa kiraka chochote. Kwa hiyo fungua nati hii, irudishe juu kabisa hadi iguse kifuniko cha valvu, uikaze hapo. Sasa tyubu ikianza kuvutwa, valvu italala upande na wewe utaiona mapema. Narudia: nati iende juu kwenye kifuniko, isibaki kwenye rimu. Na kila utakaposimama leo, hata kwa kunywa maji, inama uitazame valvu. Ikiwa imesimama wima, endelea. Ikiwa imelala, toa upepo wote, bandua kingo za tairi kwenye rimu, lizungushe tairi kurudi lilikotoka hadi valvu isimame, kisha jaza upya. Bila pampu mfukoni usianze safari hii.

Haya, tumewasha, tunaondoka. Kwenye udongo wenye utelezi mimi huondoka kwa gia ya pili, klachi ikiachiwa polepole, kwa sababu gia ya kwanza ina nguvu kali inayolizungusha gurudumu la nyuma kabla halijashika.

Kabla hatujafika mbali, tazameni ardhi. Tope ni la aina mbili, na mtu akiyachanganya anafanya jambo sahihi mahali pasipo pake. La kwanza ni utelezi: mvua imelowesha ngozi ya juu tu, chini pamebaki pagumu, na juu pamekuwa kama pamepakwa sabuni. Hapa endesha pikipiki ikiwa wima, usiilaze kwenye kona, punguza mwendo kabla ya kona na usiguse breki ukiwa katikati yake. Ukingo wa njia wenye majani au changarawe hushika kuliko katikati palipong'aa, kwa hiyo tafuta palipo na mparuzo hata kama panakutikisa. Aina ya pili ni tope la kina, lile la mvua ya siku nyingi, ambalo gurudumu linazama hadi likute chini pa kushika. Hapo mwendo unahitajika. Simama juu ya vikanyagio, magoti yabane tangi, nyonga zirudi nyuma kidogo ili gurudumu la mbele lielee badala ya kuchimba, kisha ingia kwa gia ya pili au ya tatu na mafuta yasiyobadilika.

Mafuta yasiyobadilika ndiyo kiini cha somo hili, na ndiyo sababu nimewaleta huku. Kila anayeanza huogopa pikipiki inapoyumba, akakata mafuta ghafla, uzito wote ukahamia mbele, gurudumu la mbele likazama na usukani ukapinda. Pikipiki kuyumba kwenye tope ni kawaida yake. Iache iyumbe chini yako, mikono ikiwa milegevu na viwiko vikiwa nje, huku injini ikiendelea kuvuta kwa sauti ileile. Sikilizeni sauti ya injini ninapovuka kipande hiki: haipandi wala haishuki. Mkono wa kulia ukitulia, gurudumu la nyuma litaisukuma pikipiki na gurudumu la mbele litarudi kwenye mstari lenyewe.

Mbele yetu kuna mifereji iliyochimbwa na malori ya mboga yanayoshusha kabichi na viazi. Chagua mfereji wako ukiwa bado mbali, mmoja tu, magurudumu yote mawili yaingie humo, na macho yatazame mwisho wake kule mbele. Ukilitazama gurudumu lako, utaufuata ukuta wa mfereji na pikipiki itaupanda kwa mshazari, kisha italala. Ukitaka kutoka kabla ya mwisho, simama kabisa, shuka, uinue gurudumu la mbele kwa mikono. Kuupanda ukuta huku pikipiki ikiwa kwenye mwendo ni kazi ya kuiangusha.

Naomba radhi, picha imefifia kwa ukungu uliotanda, tuipanguse lenzi. Na tukiwa tumesimama nimeinama kutazama valvu: imesimama wima. Vizuri.

Kuna jingine kamera imelinasa ambalo sikulipanga leo. Kijana yule anayetupita na bodaboda amesimama, na gurudumu lake la mbele halizunguki kabisa. Tazameni: madigadi yake imekaa chini, vidole viwili tu juu ya tairi, na mfinyanzi umejaa hapo katikati hadi umekuwa breki. Amekubali turekodi, namshukuru. Dawa ya sasa ni kijiti kigumu kama hiki cha mkaratusi; unachokoa kuanzia nyuma ya madigadi ukielekea mbele huku mwenzako analizungusha gurudumu kinyumenyume, ili udongo utoke ulikoingilia. Usitumie bisibisi karibu na tairi. Dawa ya kudumu kwa anayefanya kazi njia hizi kila masika ni kuivua madigadi ile ya chini na kufungiwa na fundi nyingine ya plastiki chini ya taa, yenye nafasi ya kutosha mkono mzima kupita. Ndugu yangu, safari njema, na pole kwa kuchelewa.

Tunaanza kushuka. Mteremko wa utelezi ndipo watu wengi huumia, kwa hiyo hapa sitakuwa na haraka. Simama juu kabla ya kuanza, tazama njia yote hadi chini, uamue utapita wapi. Weka gia ya kwanza au ya pili, achia klachi yote, na uiache injini iishike pikipiki. Usishike klachi. Ukiishika, gurudumu la nyuma linakuwa huru, mwendo unaongezeka papo hapo, na breki pekee haitakurudisha. Breki ya mguu iguse kidogo kidogo. Breki ya mbele itumie kwa kidole kimoja na pale tu ambapo ardhi ina changarawe, kwa kuwa gurudumu la mbele likijifunga kwenye utelezi huna nafasi ya kusahihisha. Ikiwa injini yenyewe inalifunga gurudumu la nyuma na pikipiki inaanza kwenda upande, ongeza mafuta kwa kiasi cha unywele ili gurudumu lizunguke tena. Mkono wa kushoto utakushawishi ushike klachi. Nawaambia tena, msiishike. Wale wa mjini waliozoea kushuka wakiwa wameishika klachi ili kuokoa mafuta waanze kuiacha tabia hiyo leo.

Na hapa chini, kama nilivyotarajia, tumekwama. Gurudumu la nyuma limezama hadi karibu na ekseli. Jambo la kwanza ni kuacha kuongeza mafuta, kwa sababu kila mzunguko unachimba shimo zaidi na kuichosha klachi. Zima injini, funga koki ya mafuta, shuka. Ilaze pikipiki ubavu taratibu, upande usio na bomba la moshi ili usiungue, na gurudumu litachomoka kwenye shimo. Jaza shimo kwa mawe, matawi makavu, chochote kilichopo, kisha isimamishe pikipiki juu yake. Fungua koki, washa, weka gia ya pili, utembee pembeni ukiisukuma huku klachi ikiachiwa polepole. Matawi yaliyoanguka yapo ya kutosha. Msikate miti ya watu. Tena msikwepe tope kwa kupita kwenye matuta ya mashamba, kwa kuwa wakulima wa Lushoto wamepambana na mmomonyoko wa udongo kwa miongo mingi, na alama moja ya tairi kwenye mteremko uliolowa huwa mfereji wa maji mvua inayofuata.

Kijito hiki ni kidogo. Naenda kwa miguu kwanza, nikipapasa chini kwa fimbo, na maji yananifika katikati ya muundi, chini ya chujio la hewa kwa mbali. Maji yakiwa yanapanda huku unayatazama, au yakiwa na rangi ya chai ya maziwa na kubeba matawi, usivuke. Ngoja upande wako hadi yashuke. Ninavuka kwa gia ya kwanza, mafuta yaleyale, macho ng'ambo. Ikitokea pikipiki imeanguka majini na injini imezimika, usipige kiki hata mara moja, maana maji hayabanwi kama hewa na yanaweza kukunja kifimbo cha pistoni. Ivute nchi kavu, fungua plagi, funika taa na nyaya, kisha piga kiki hadi maji yaishe kutoka kwenye tundu la plagi. Kausha chujio, rudisha plagi, ndipo uwashe. Baada ya kijito chochote, breki za ngoma huwa zimelowa na hazishiki; endesha mita mia moja hivi ukizikanyaga kidogo hadi uhisi zinauma tena.

Tukirudi nyumbani, jaza upepo wa lami kabla ya kushuka kuelekea Soni na Mombo, maana tairi legevu kwenye kona zile ni hatari ya aina nyingine. Tope lioshwe siku hiyohiyo, kabla halijawa tofali, kwa maji yenye nguvu ndogo, yasielekezwe kwenye beringi za magurudumu. Mnyororo upigwe brashi kwa mafuta ya taa, uachwe ukauke, ndipo upakwe oili. Chujio la hewa la sponji lioshwe kwa maji ya sabuni, likamuliwe bila kusokotwa, na likishakauka lipakwe oili nyepesi. Mwisho inua gurudumu la mbele, lizungushe kwa mkono na usikilize: likikwaruza, mchanga umeingia kwenye breki ya ngoma, ifungue uusafishe kabla ya kutoka tena. Matairi ya inchi 21 na 18 yapo dukani. Wa nje ya Lushoto niandikieni saizi iliyoandikwa ubavuni mwa tairi lenu, nami nitawajibu kama ninalo.