Jinsi ya Kupima Muda wa Kazi Inayojirudia

Karibu, ndugu mtazamaji. Leo tunapima kazi moja inayojirudia: kufunga bidhaa kwenye maboksi. Andaa saa ya kupimia muda, hata ile ya kwenye simu, pamoja na karatasi na kalamu.

Kabla hujagusa saa, zungumza na anayeifanya kazi. Mweleze unapima nini na matokeo yatatumika wapi. Nakuomba sana usiruke hatua hii. Agosti 1911, wasubu chuma wa kiwanda cha silaha cha Watertown, Massachusetts, Marekani, waligoma mwenzao alipofukuzwa kwa kukataa kupimwa kwa saa. Ukipima kwa kujificha utavunja imani, na akikugundua atabadili mwendo, kwa hiyo hata namba zako hazitafaa.

Sasa simama pembeni, mahali unapoiona mikono yake bila kumziba. Tazama raundi tatu au nne bila kuandika kitu. Unatafuta mwanzo na mwisho usio na ubishi. Hapa kwetu, raundi inaanza vidole vinapogusa boksi bapa, inaisha boksi lililofungwa linapotua kwenye rundo. Katikati kuna alama nyingine, sikiliza: krrrp! Hiyo ni selotepu inakatwa. Sauti kama hiyo ni mpaka mzuri wa kutenganisha kujaza na kufunga, ukitaka kupima vipande hivyo kimoja kimoja.

Washa saa, na usiisimamishe tena. Kila raundi inapoisha, bonyeza kitufe cha mzunguko au andika saa inavyosoma, utatoa hesabu baadaye. Ukisimamisha na kuwasha kila mara, sekunde zinadondoka njiani.

Haya, tazama karatasi yangu ya raundi 10, kwa sekunde: 42, 40, 43, 41, 40, 44, 71, 41, 42, 43.

Umeiona 71? Wengi huikata kwa kalamu na kusonga mbele. Mimi nasema usiikate kabla ya kuuliza. Nilipouliza, jibu lilikuwa: selotepu iliisha, akaweka mpya. Hiyo nayo ni kazi, ila haitokei kila boksi. Roli moja inafunga maboksi kama 60, na kuibadilisha kulikula takriban sekunde 30. Gawanya: kila boksi linabeba nusu sekunde. Kama angekuwa amepokea simu yake binafsi, hapo tungeiacha nje.

Raundi 9 zilizobaki jumla yake ni 376, wastani kama 42.

Hatua inayofuata ndiyo ngumu, kwa kuwa hakuna saa ya kukusaidia: kupima kasi. Je, huyu anakwenda mwendo ambao mtu mzoefu anaweza kuushika kutwa nzima? Huyu wetu ana mikono mepesi kuliko kawaida, nimempa asilimia 110, mwendo wa kawaida ukiwa 100. Mara 42, tunapata 46.2. Ongeza ile nusu sekunde: 46.7. Ukiwa na wasiwasi, mpime na mtu wa pili, kisha wa tatu.

Halafu binadamu hunywa maji, huenda msalani, huchoka. Wapimaji wengi huanzia asilimia 5 kwa mahitaji binafsi na 4 kwa uchovu, na kazi nzito au ya kwenye joto huongezewa zaidi. Jumlisha asilimia 9: takriban sekunde 51.

Kwa sekunde 51, saa moja inatoa maboksi 70. Aliyechukua ile raundi ya haraka, sekunde 40, angeahidi 90, na maboksi 20 ya tofauti yangeishia kwenye mgongo wa mtu.

Mwisho, andika juu ya karatasi tarehe, aina ya boksi na jinsi meza ilivyopangwa. Kikibadilika kimoja kati ya hivyo, pima upya. Kisha mrudishie uliyempima karatasi aisome, akuambie kama kuna kitu hukukiona.